Naomba ushauri: balbu za bei nafuu zisizokula umeme, Dodoma

Habari zenu wakuu, niko Nkuhungu hapa Dodoma, nyumba bado ina zile balbu za zamani za wati 60 zinachemka mpaka huwezi kuzishika na luku inaisha fasta mno. Nataka nihamie LED zote maana hata ya wati 9 inatoa mwanga karibu uleule, shida zile za bei chee zinaanza kupepesa mapema halafu zinazima jumla, na umeme wa mtaani kwetu jioni unapanda na kushuka. Holda zangu ni za pini. Anayejua duka Majengo au Sabasaba wanaouza kwa jumla na wanatoa waranti, bei zikoje? Na sebuleni nifunge nyeupe au ya njano, mama macho yanamsumbua akisoma Biblia usiku.