"Go off" na wenzake: orodha tulizokariri zifutwe?

Tafsiri_ya_Usiku: Wakuu, nimeumbuka. Nilipewa hadithi fupi nitafsiri, nikakuta "the alarm went off", nikaandika "kengele ilizimika". Aya inayofuata mhusika anakurupuka kitandani, anapapasa viatu gizani, na msomaji wangu habari hana jamaa kaamshwa na nini. Mhariri alinirudishia kazi, na pembeni mwa sentensi hiyo ya kengele alama moja ya kuuliza, basi. Shida imeanzia darasani: tulikariri orodha, "go off" ni kuzimika, mstari mmoja maana moja. Kumbe taa ni kuzimika, kengele ni kulia, bomu ni kulipuka, maziwa ni kuharibika! Nasema orodha hizo zifutwe kwenye mafunzo. Mnasemaje?

Jongoo: Orodha haina kosa, uvivu ndio wenye kosa. Mimi nilikariri vitenzi mia mbili vya aina hiyo, nilienda kwenye usaili na nikajibu bila kigugumizi.

Bi_Nukta: "Nilikwenda". Endelea.

Jongoo: Dada, mada ni Kiingereza.

Kinyonga: Tuseme ukweli, Kiingereza ni lugha fukara. Kaneno kamoja "go" wanakabebesha mizigo ya ukoo mzima. "Go on" kuendelea, "go over" kupitia, "go for" mara kuchagua, mara kumrukia mtu kumpiga. Hata "went" yenyewe ni ya kuazima. Kwetu kila jambo lina neno lake.

Mwalimu_Mstaafu: Kila jambo na neno lake? Haya. Mtu hukata tamaa, hukata rufaa, hukata tiketi, hukata kona, hukata kiu, na siku zake zikifika hukata roho. Kisu kiko wapi? Na "went" haikutoka nje. Ilikuwa ya kitenzi chao wenyewe, "wend", kushika njia. "Go" ikaipora.

Kinyonga: Mwalimu, usinifanye mtoto wa darasa la pili. Kwenye kukata tamaa, tamaa ipo pale, naiona kwa macho, ndiyo inayoniambia kinachokatwa. Hako ka-"off" kananiambia nini? Kanawasha au kanazima?

Mwalimu_Mstaafu: Nani kakuita mtoto? Nimejibu ulichoandika.

Mgeni_Mzoefu: Bingwa wa maana nyingi ni "set" lakini, siyo "go". Nilisoma mahali.

Mwalimu_Mstaafu: Ulisoma zamani. "Set" ilishika nafasi hiyo kwenye toleo la pili la Oxford English Dictionary, 1989, maana zaidi ya 400. Wahariri walipoifikia "run" upya wakahesabu 645. Na hili la vitenzi kufungwa mkia kama "off" si geni: Samuel Johnson kwenye dibaji ya kamusi yake, 1755, alishakiri kwamba hapo ndipo wageni wanapopata taabu kuliko pote.

Pweza: Kinyonga kauliza swali la maana na hakuna aliyemjibu. Mimi huiona hivi: "off" ni kuachana na mahali au hali uliyokuwa nayo. Fikiria mtego. Umetegwa, umetulia, mara kitu kinaachia: umefyatuka. Kengele imetegwa saa kumi na moja, ikifika inafyatuka. Bomu vilevile. Taa nayo imeachana na kuwaka, maziwa yameachana na uzima wake. Mwanafunzi akiwa na picha hiyo, orodha ya nini? Ila ajihadhari na mpangilio, maana hapo picha haimsaidii: "turn it off" ni sawa, "turn off it" hakuna anayesema.

Kinyonga: Kengele inafyatuka? Umesikia wapi? Kinachofyatuka ni risasi.

Pweza: Nimesema picha, mkuu. PICHA.

Bi_Nukta: Bado namngoja Jongoo arekebishe sentensi yake.

Jongoo: Haya, umeyataka mwenyewe. "Nilienda" ni sahihi. Ku- hubaki kwa vitenzi vya silabi moja: nilikula, nilikunywa, alikufa. Enda ni silabi mbili, hesabu kwa vidole. Au wewe huandika "nilikuimba"?

Bi_Nukta: Na "amekwisha kula" je? Isha nayo ni silabi mbili. Enda na isha ni mapacha, wametoka na ku- yao tangu enzi.

Jongoo: Sema basi "nikikwenda" tukusikie.

Bi_Nukta: -Ki- huifukuza ku- hata kwenye kula. Nikila, siyo "nikikula". Umejifunga bao mwenyewe.

Mwalimu_Mstaafu: Zote mbili zinakubalika, nilienda na nilikwenda. Vitabu vya sarufi huziweka pamoja.

Bi_Nukta: Zinakubalika, kama mgeni asiyealikwa anavyokubalika.

Kinyonga: Mwaona? Wenyewe hatujui "go" yetu inaandikwaje, tunawacheka Waingereza.

Mgeni_Mzoefu: Si wewe uliyesema lugha yao fukara?

Kinyonga: Nilisema FUKARA, sikusema tuwacheke.

Tafsiri_ya_Usiku: Samahani Bi Nukta, ngoja kwanza. Mhariri wangu alinikatia "nilienda" kumi na moja kwenye hadithi ileile. Kwa hiyo alikuwa na haki?

Bi_Nukta: Kumi na moja tu? Lete ukurasa.

Jongoo: Mhariri wako ndiye huyu huyu, hujamjua tu.

Bi_Nukta: Ningekuwa mimi, isingekuwa alama moja ya kuuliza.