Mausipisi (kipande cha kupulizia) ipi ya saksofoni ya alto kwa bendi na klasiki?

AltoMwanjelwa: Wakuu, napiga alto kwenye bendi hapa Mbeya. Mausipisi yangu ya chuma inafunika wenzangu, na noti za chini zikitakiwa taratibu zinagoma. Ninunue ipi?

FundiIringa: Hiyo ni ya jazi, mkuu. Tafuta ya eboniti (mpira mgumu), uwazi wa ncha, yaani nafasi kati ya ncha na ridi, milimita 1.6 hadi 1.7. Hata Yamaha 4C, ambayo ni ya plastiki, inatosha kabisa. Hela ikiruhusu, Selmer S80 C* au Vandoren AL3. Ridi (kile kipande chembamba cha tete kinachotetema) weka namba 3. Laini mno hujifunga noti za juu na pichi (kimo cha sauti) inashuka. Ukikuta ya mtumba, ielekeze kwenye mwanga: ncha ikiwa imemeguka hata kidogo, iache, itapiga mbinja tu.

Uyole_Saksi: Ukishaipata, ipulize peke yake bila shingo ya saksofoni, huku umefungua programu ya simu ya kupima noti. Kwa klasiki itoe noti A, hertzi 880. Ikipanda hadi C, unaiuma. Halafu baridi ya Juni huku kwetu inashusha pichi. Pasha ala kwanza kwa pumzi. Ukikimbilia kusukuma mausipisi ndani ili upandishe pichi, ala ikishapata moto utakuwa juu ya bendi nzima.

AltoMwanjelwa: Nimeelewa, naanza na 4C.