Mirathi ya Babu: nani apewe taarifa

Mjomba Elias: Wapendwa, Bwana asifiwe. Wosia wa Baba umeniteua msimamizi. Wiki ijayo nafungua shauri Temeke, Kituo Jumuishi cha masuala ya familia. Nimeshaandika humu kundini, basi taarifa imefika, au?

Baraka (wakili): Shikamoo mjomba. Haijafika. Humu hakuna ushahidi kwamba kila mmoja ameelewa, tena kaka yetu wa Mbeya hayumo, wala watoto wa marehemu dada Joyce hawamo.

Mjomba Elias: Marahaba. Sasa nifanyeje?

Baraka: Kwanza andika orodha ya wote: wanaotajwa kwenye wosia, mjane, na watoto wote wa Babu hata waliozaliwa nje ya ndoa. Kila mtu na barua yake: jina la marehemu, tarehe ya kifo, mahakama utakayofungua, kwamba wewe ndiye mwombaji, na nakala ya wosia. Apokee kwa sahihi na tarehe kwenye nakala yako.

Upendo: Yule ambaye Babu hakumwachia kitu, tumwandikie wa nini?

Baraka: Huyo ndiye wa kwanza kuandikiwa, Upendo. Mwenye sababu ya kupinga wosia ni yeye. Akisikia leo, anapinga sasa na hoja yake inasikilizwa. Akifichwa, anakuja baadaye kuomba usimamizi ufutwe. Sheria ya mirathi, Sura 352, kifungu cha 49, inaruhusu kufuta pale jambo la msingi lilipofichwa mahakamani. Nyumba ikiwa imeshauzwa, ugomvi unamfuata na mnunuzi.

Shangazi Grace: Na hao watoto wa Joyce ni wadogo, sahihi yao itakuwa na maana gani?

Baraka: Shikamoo shangazi. Aliye chini ya miaka 18 barua inakwenda kwa mlezi wake, na umri wake uandikwe. Sahihi ya mtoto haina nguvu.

Shangazi Grace: Marahaba mwanangu.

Mjomba Elias: Lakini lazima wote wakubali kwanza?

Baraka: Hapo watu huchanganya. Ridhaa ya warithi ndiyo inayodaiwa pale marehemu asipoacha wosia. Wewe unao, ila usiingie ukiwa na wosia halisi peke yake. Ambatisha cheti cha kifo. Na barua hizi ni zako: tangazo la mahakama ni jambo jingine, linatoka baada ya kufungua, likiwa na namba ya shauri na muda wa pingamizi. Moja halifuti jingine.

Upendo: Kaka wa Mbeya simu haipokei.

Baraka: Tuma kwa EMS ya Posta, risiti itunzwe. Mjomba, mahakamani eleza wazi kwamba huyu hajapatikana na njia ulizotumia. Usiandike tu "wote wamearifiwa".

Mjomba Elias: Sawa. Upendo, niletee majina kamili na anwani kesho. Nitaanza na Mbeya.

Baraka: Na kumbuka, ukipata hati ya usimamizi, orodha ya mali inaingia mahakamani ndani ya miezi 6, hesabu ndani ya mwaka 1.