Tupeane uzoefu: albamu ya roki iliyokuonyesha vita kwa macho ya askari

Mleta mada
Wadau, habari za jioni. Nimetoka kuisikiliza tena American Soldier ya Queensrÿche, bendi ya roki ya Marekani, ya mwaka 2009, mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo. Kwa wasioijua: mwimbaji Geoff Tate, ambaye baba yake alikuwa mwanajeshi, aliwahoji askari wa Marekani waliopigana vita mbalimbali, na nyimbo zikatungwa kutokana na masimulizi yao. Sauti zao wenyewe zimo humo. Mimi hunishika Unafraid: askari wanazungumza kawaida tu, Tate anaingia kwenye kiitikio. Mtu anasimulia kifo kwa sauti ya kuelekeza njia. Nyie iliwagusa wapi? Hata kama ni albamu nyingine, leteni.

Mtoto wa kambini
Mkuu, kwangu ni Home Again. Tate anaimba na binti yake Emily; baba yuko mbali, mtoto anamngoja. Ni wimbo mzuri mno, lakini siumalizi. Mzee wetu alirudi mzima wa mwili, ila mlango ukibamizwa tu, alikuwa ameshasimama. Mama alitukataza kuuliza. Wimbo ule unaimba kungoja, na kwetu kazi ilianza aliporudi. Ndiyo maana naona Man Down! ndiyo roho ya albamu: askari yuko nyumbani, vita haijamtoka. Nilimsikilizisha kaka yangu mkubwa. Akaniambia, "Huyo ni mzee," na kwa mara ya kwanza tukamzungumzia baba bila kunong'ona.

Afande mstaafu
Nimevaa kombati miaka mingi. Albamu inaanza na sauti ya kuamrisha, na mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Wamepatia hilo. Lakini ndugu zangu, kinachomla askari ni lindo: kukaa macho usiku mzima ukisubiri kitu ambacho pengine hakiji, na kesho tena. Gitaa la kasi haliwezi kulieleza hilo. Jambo jingine, waliohojiwa ni askari. Raia ambaye vita imepita uani kwake hana nafasi ya kusema, na mimi nyuso ninazozikumbuka ni zao.

Msikilizaji wa usiku
Nawaletea The Final Cut ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, 1983. Baba yake Roger Waters, mtunzi wa nyimbo za albamu hiyo, aliuawa vitani Anzio, Italia, mwaka 1944, Roger akiwa bado mchanga. Miaka karibu arobaini baadaye, Uingereza imetoka kupigana na Argentina kugombea visiwa vya Falklands, mtoto huyo anauliza baba alikufia nini. Babu yangu naye hakurudi, na hatuna kaburi. Bibi aliendelea kumtaja kama mtu aliyesafiri. Albamu hii ndiyo iliyonipa ruhusa ya kumkasirikia aliyempeleka.

Mleta mada
Afande, hilo la raia sikuwahi kulifikiria, na uko sahihi kabisa. Tafadhali tuandikie zaidi kuhusu lindo. Na kama kuna aliyeipata albamu inayompa raia nafasi ya kusimulia, aitaje hapa na atuambie ilimkuta wapi.