Nyota ipi italipuka kwanza: Betelgeuse, Antares, Eta Carinae au T Coronae Borealis?

Mgeni_wa_Anga (Singida), Jumamosi 16 Agosti 2025, saa 1:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nimepata darubini ya macho mawili, 10x50, ya mtumba lakini vioo vyake safi. Umeme huku umekatika tangu magharibi na anga limefunguka mpaka raha. Nataka kuchagua nyota moja niifuatilie kwa miaka, ile yenye nafasi kubwa ya kulipuka nikiwa hai. Majina ninayokutana nayo ni hayo manne ya hapo juu, na kila anayeandika anasema yake ndiyo "italipuka karibuni". Nyie mngechagua ipi? Nina miaka 34, msinipangie kazi ya wajukuu.

Suheli_79 (Mombasa), saa 1:58 usiku

Betelgeuse, bila kupepesa macho. Ibuti la Jauza yenyewe, bega jekundu la Jabari, lile kundi la nyota la Orion. Ina uzito wa jua zetu kama 15 hadi 20, na ukiiweka mahali pa jua letu itameza dunia na kupita. Siku ikilipuka itang'aa kama nusu mwezi, utaiona mchana kwa wiki nyingi. Tena ulikuwa wapi mwaka 2019? Kuanzia Oktoba ilianza kufifia, ikafika Februari 2020 imeshuka kutoka daraja la mwangaza 0.5 hadi 1.6 hivi (namba ikipanda, nyota inafifia). Mimi nilikuwa natoka barazani kila usiku naiangalia. Jabari alionekana kama mtu aliyeteguka bega.

Nyutroni_Moja (Nairobi), saa 2:15 usiku

Kaka Suheli, hilo la 2019 ndilo linalowapoteza watu wengi. Mimi nasoma fizikia, mwaka wa tatu, naomba nilieleze kidogo.

Kilichotokea ni kwamba Betelgeuse ilitema gesi nyingi, gesi ikapoa, ikawa vumbi, vumbi likaziba sehemu ya uso wake kwa upande wetu. Picha za darubini kubwa ya VLT kule Chile zilionyesha nusu ya kusini ya nyota imetiwa giza. Kwa hiyo kufifia kule kulikuwa habari ya ngozi. Mlipuko unaandaliwa kwenye kiini, na kiini cha jitu jekundu kama hili hakitoi taarifa nje.

Nyota yenye uzito wa zaidi ya jua 8 hivi huchoma hidrojeni kwa mamilioni ya miaka, kisha heliamu kwa mamia ya maelfu ya miaka. Kaboni ni karne chache, oksijeni ni miezi, silikoni ni kama siku moja. Mwisho kinabaki chuma, na chuma ukikiunganisha hakikupi nishati, kinakudai. Hapo kiini kinaporomoka chini ya sekunde moja. Wengi wanaamini Betelgeuse bado iko kwenye heliamu. Mwaka 2023 kundi moja la watafiti lilidai kwamba imeshafika mwisho wa kaboni na imebakiza miongo michache. Wenzao wakawapinga, maana hesabu hiyo ilihitaji nyota kubwa kuliko inavyopimwa. Kadirio la kawaida ni ndani ya miaka 100,000. Mgeni, toa 34 yako hapo uone inabaki mingapi.

fundi_redio (Kigoma), saa 2:21 usiku

Lakini si inawezekana imeshalipuka tayari na mwanga bado uko njiani?

Nyutroni_Moja, saa 2:24 usiku

Inawezekana. Umbali wake unakadiriwa kati ya miakanuru 530 na 720 hivi (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), kwa hiyo tunaiona ilivyokuwa karne kadhaa nyuma. Ila kwa anayekaa na darubini haibadilishi kitu. Mgeni anauliza lini itaonekana, na miaka 600 mbele ya miaka 100,000 ni chenji.

BiKilimia (Zanzibar), saa 2:40 usiku

Wanangu, mbona Antares mmeiruka kama haikutajwa? Mgeni, toka nje sasa hivi. Tazama kusini, juu sana. Ile nyekundu katikati ya mwili wa Nge, lile kundi la nyota, ndiyo hiyo. Nayo ni jitu jekundu kama Betelgeuse, umbali wake kama miakanuru 550, na ikilipuka tamasha litalingana. Tofauti ni kwamba Nge hutuonekania vizuri jioni zote za kipupwe, saa za watu wazima, wakati Jabari mwezi huu anataka uamke alfajiri. Na kwa kuwa Antares iko karibu na njia ya mwezi, kuna miezi ambapo mwezi unapita mbele yake na kuifunika. Hilo ni tamasha lenye tarehe, halina haja ya kungoja miaka laki.

Kuhusu kulipuka, zote mbili sawa tu. Hakuna mtu mwenye haki ya kusema hii itaitangulia ile.

MwlMstaafu (Tanga), saa 3:05 usiku

Nimewasoma wote. Mimi kura yangu ni Eta Carinae, na sababu yangu ina historia.

Desemba 1837 John Herschel alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu hili, akipima nyota za kusini. Ghafla akaona nyota aliyoizoea imeng'aa kupita kiasi. Kufikia Machi 1843 ilikuwa imezizidi nyota zote za usiku isipokuwa Sirius. Kisha ikafifia mpaka macho matupu yakaipoteza, na sasa imerudi, inaonekana hafifu mahali penye giza. Kwenye foko lile ilirusha gesi yenye uzito wa jua 10 au zaidi, nayo bado inatanuka, imefanya mapovu mawili yaliyogandana. Na nyota haikufa! Ndani kuna nyota mbili zinazozungukana kila miaka 5.5, kubwa ikiwa na uzito wa jua kama 100.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 2004 kuna nyota ilifoka katika galaksi UGC 4904. Watu wakaandika, wakaendelea na shughuli zao. Mwaka 2006 palepale pakatokea supanova kamili, yaani mlipuko unaoimaliza nyota. Miaka miwili tu. Nyota inayofoka ina tabia ya kumaliza alichokianza, samahani, ilichokianza. Betelgeuse ina historia gani ya namna hiyo?

Halafu Ulaya hawaioni. Sisi tunaiona Februari hadi Mei, jioni, upande wa kusini. Hiyo nayo nimeipa alama.

Nyutroni_Moja, saa 3:19 usiku

Mwalimu, shikamoo. Hoja ya 2004 na 2006 ni nzito, siipingi. Ila Eta Carinae iko miakanuru 7,500. Ni mara kumi na kitu ya umbali wa Betelgeuse, kwa hiyo kama milipuko ingelingana, huu wa mbali ungetufikia ukiwa umepungua zaidi ya mara mia. Na foko lake kubwa lina karibu karne mbili sasa. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa miaka maelfu.

MwlMstaafu, saa 3:26 usiku

Marahaba. Umbali nakubali. Lakini nyie vijana mnaopenda nyota nyekundu niwaambie la 1987. Februari 23 mwaka ule ilifika nuru ya supanova kutoka Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, miakanuru 168,000. Ikaonekana kwa macho matupu, ya kwanza namna hiyo tangu ya Kepler mwaka 1604. Na nyota iliyolipuka, Sanduleak -69 202, ilikuwa ya BULUU. Hakuna aliyekuwa ameiweka kwenye orodha kama hii yenu.

Nilikuwa na miaka 19, anga lote la kusini liko mlangoni kwangu, na sikuinua kichwa. Redio ya nyumbani ilikuwa haina betri. Linaniuma mpaka leo.

fundi_redio, saa 3:31 usiku

Pole mwalimu. Mimi swali langu ni la usalama. Kuna ile nyota WR 104, wanasema imetuelekezea mdomo kama bunduki, ikilipuka mionzi itatupiga sisi?

Nyutroni_Moja, saa 3:44 usiku

Hofu hiyo ilienea mwaka 2008, kwa sababu vumbi lake la mzunguko linaonekana kama tunalitazama kwa juu kabisa. Vipimo vya karibuni vya darubini za Keck, Hawaii, vimeonyesha njia ya nyota zake mbili imeinama kwa nyuzi 30 hadi 40, kwa hiyo mdomo unaelekea kwingine. Supanova ya kawaida ili itudhuru inatakiwa iwe ndani ya miakanuru 50 au pungufu. Spica, Sumbula yetu, iko 250 na bado ina mamilioni ya miaka. IK Pegasi, kibete cheupe (kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa) chenye mwenzake, iko kama 150 na nayo haina haraka. Lala salama.

Suheli_79, saa 3:50 usiku

Kwa hiyo T Coronae Borealis nani anaitetea? Tangu mwaka jana tunaambiwa wiki hii, wiki ijayo. Mpaka leo kimya.

BiKilimia, saa 4:08 usiku

Naitetea mimi, ingawa si supanova. Kaeni niwaambie kwa lugha ya jikoni. Pale kuna kibete cheupe kinachonyonya gesi ya jitu jekundu lililo jirani. Gesi inarundikana juu ya kibete, ikizidi joto na mgandamizo inawaka kwa pamoja. Uji umefurika, sufuria bado nzima, unaanza kujaa tena. Huo ni mlipuko wa nova. Ulitokea 1866, ukatokea 1946, miaka 80 kati yake. Hesabu mwenyewe, Mgeni.

Supanova ni siku sufuria yenyewe inapopasuka. Kibete kikifika kama uzito wa jua 1.4 hakijiwezi tena, na hiki cha T Coronae kimeshakaribia sana. Kwa hiyo na yenyewe imo kwenye orodha ya siku za mbali.

Kwa darubini yako ya 10x50 ni vigumu kuiona sasa, iko daraja la 10. Unachofanya ni kulijua lile taji la nyota upande wa kaskazini, muda uleule Antares ikiwa kusini. Nyota ing'aayo zaidi pale ni Alphecca. Siku ukiona ya pili inayokaribia kulingana nayo, ndiyo hiyo. Itaonekana kwa macho matupu siku chache tu, wiki hivi.

Nyutroni_Moja, saa 4:15 usiku

Ukitaka kuona kitu ukiwa hai, Bi Kilimia ameshinda. Ukitaka supanova ya kweli, mimi sichagui nyota, nasubiri nyutrino, zile chembe ndogo mno zinazotoka kiini kinapoporomoka. Mwaka 1987 zilinaswa dazeni mbili hivi, saa kama tatu kabla mwanga haujaonekana. Betelgeuse ikiporomoka, mitambo itapiga kengele kabla hujavaa kandambili.

Mgeni_wa_Anga, Jumapili 17 Agosti, saa 11:35 alfajiri

Asanteni sana wakuu. Jana jioni nimelijua taji, Alphecca iko peke yake. Antares nimeiona pia. Februari nitaitafuta ya Mwalimu.

Ila nimeshindwa kulala, nikaamka saa 11 kumwangalia Jabari. Yuko mashariki kalala ubavu, chini yake Zuhura na Mshtarii zimekaribiana. Nimejaribu kulinganisha kwa macho: Betelgeuse ni hafifu kuliko Rigel, lakini imeishinda Dabarani. Nimeandika kwenye daftari. Ni sahihi?

BiKilimia, saa 12:20 asubuhi

Vizuri mwanangu. Ila mwezi ulikuwa kati ya Kilimia na Dabarani, utakuwa umekudanganya kidogo upande huo. Uandike na huo, na saa. Rudia wiki ijayo mwezi ukiwa haupo.

Suheli_79, saa 12:31 asubuhi

Nilijua tu ataishia kwa Betelgeuse.