Kikundi cha vijana kimealikwa kujiunga na chama cha siasa: tuingie kwa mlango upi?

Mratibu wa Kikundi:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaratibu kikundi cha vijana ambacho kwa miaka michache iliyopita kimefanya kazi za kiraia bila kujifungamanisha na chama chochote: tunasoma bajeti ya halmashauri na kuieleza kwa lugha nyepesi, tunahamasisha wenzetu wajiandikishe katika daftari la wapigakura, na mara kwa mara tunawaalika madiwani waje kujibu maswali mbele ya watu. Hivi karibuni viongozi wa jumuiya ya vijana ya chama kimoja walitufuata wakitaka tujiunge wote kwa pamoja, kwa sherehe ya kukabidhiwa kadi mbele ya waandishi wa habari, na wakaahidi kwamba wawili au watatu miongoni mwetu watapewa nafasi za uongozi katika jumuiya hiyo.

Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba kukaa nje ya vyama ni kujinyima, kwa kuwa maamuzi tunayoyakosoa yanafanywa na watu waliopitishwa na vyama. Wapo wanaoamini kwamba tutageuzwa wapiga makofi wa mikutano ya hadhara, tukivalishwa fulana wakati wa kampeni na kusahauliwa matokeo yakishatangazwa. Wachache wanapendekeza tuanzishe chama chetu wenyewe. Siulizi kama siasa ni njema au mbaya. Ninauliza hivi: kikundi kama chetu kikiamua kuingia, kiingie kwa mlango upi na kwa masharti gani ili kisimezwe?

Katibu Mstaafu wa Tawi:

Ndugu Mratibu, kabla hamjaujibu mwaliko huo, ombeni nakala ya katiba ya chama pamoja na kanuni zake za uchaguzi wa ndani, mzisome kwa umakini uleule mnaousomea bajeti. Kurasa za imani na madhumuni mnaweza kuzipita haraka, kwa sababu katika kurasa hizo vyama hufanana kuliko vyenyewe vinavyopenda kukiri. Simameni kwenye vifungu vinavyoeleza ni nani anayewachagua wajumbe wa mkutano mkuu, ni chombo gani chenye kauli ya mwisho katika kuteua wagombea, mwanachama anatakiwa awe amekaa muda gani ndipo aruhusiwe kupiga kura ya ndani au kugombea, na ni nani anayeweza kumvua mtu uanachama na kwa utaratibu gani wa rufaa. Vipo vyama ambavyo wanachama hupiga kura za maoni kwa shangwe kubwa, kisha kikao cha juu kikawa na mamlaka ya kumpitisha hata aliyeshika nafasi ya tatu. Mkikikuta kifungu hicho, msidanganyike na ukubwa wa mkutano wa kura za maoni.

Kuhusu mlango, ushauri wangu ni kwamba kila mmoja wenu ajiunge katika tawi la mahali anapoishi, wala msiingie kwa mkupuo kupitia jumuiya ya vijana. Jumuiya hizi mara nyingi hutegemea fedha za makao makuu, na kiongozi wake asipowafurahisha wakubwa, shughuli zake husimama bila barua yoyote kuandikwa. Tawi halina sherehe. Mikutano yake huchelewa kuanza, ajenda ni zilezile za ada na mapokezi ya kiongozi anayekuja ziara, na mara nyingi akidi haitimii. Hapo ndipo penye nafasi yenu. Mahali ambapo wahudhuriaji ni wachache, vijana kumi wanaofika kila mkutano, waliolipa ada na ambao majina yao yamo katika rejista, wanaweza kuamua nani awe mjumbe wa ngazi inayofuata. Na wajumbe hao, baada ya ngazi mbili au tatu, ndio wanaopiga kura zinazozaa viongozi na wagombea. Nimewahi kumwona mtu mwenye jina kubwa akiangushwa katika uchaguzi wa tawi kwa sababu wafuasi wake walikuwa wengi barabarani na wachache katika rejista.

Lipeni ada zenu wenyewe na mdai stakabadhi. Mtu akiwalipia kadi kikundi kizima, kadi hizo ni zake hata kama zina picha zenu, na siku ya kura atakuja kuzidai. Sherehe ya waandishi wa habari ikataeni kwa adabu. Faida yake yote ni ya aliyewaalika.

Msomaji wa Historia:

Nakubaliana na Mzee Katibu kuhusu rejista na ada, ila naona ameidharau jumuiya ya vijana kupita kiasi. Mwaka 1944 Anton Lembede, Nelson Mandela, Walter Sisulu, Oliver Tambo na wenzao walianzisha Umoja wa Vijana wa ANC nchini Afrika Kusini, ndani ya chama ambacho wakati huo kilitegemea zaidi maombi na ujumbe wa heshima kwa watawala. Hawakuanza kwa kudai vyeo. Walianza kwa kuandika wanachokiamini na wanachotaka chama kifanye, na kwa miaka mitano wakayajadili hayo mpaka yakawa mpango wa utekelezaji wenye migomo na kususia ndani yake. Kuelekea mkutano mkuu wa Desemba 1949 walimwendea rais wa chama, Daktari A. B. Xuma, wakamweleza kwamba watamuunga mkono endapo ataukubali mpango huo. Alipokataa sharti hilo, walimwendea Daktari James Moroka, ambaye aliukubali, na mkutano ukamchagua yeye. Sisulu akawa katibu mkuu katika mkutano huohuo.

Tazameni mtiririko wa mambo: mpango ulitangulia, mtu akafuata. Jumuiya nyingi za leo hufanya kinyume, yaani humtafuta kwanza mtu wa kumbeba, kisha hutunga sababu za kumbeba, na ndiyo maana huishia kuwa msafara wa kumsindikiza mgombea. Ninyi tayari mna jambo la kusema kuhusu bajeti za halmashauri. Liandikeni katika kurasa mbili au tatu, mlipeleke kwa hao waliowaalika, na muulize chama kitafanya nini nalo. Jibu watakalolitoa litawaambia mengi kuliko ahadi ya vyeo viwili.

Hata hivyo, Mzee Katibu yuko sahihi kuhusu kifungu cha kufukuzana. Umoja huohuo wa vijana ndio uliokuwa ukiongozwa na Julius Malema alipovuliwa uanachama wa ANC mwaka 2012, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha EFF. Jumuiya inaweza kupiga kelele kubwa sana, lakini kamati ya nidhamu ni ya chama. Angalieni pia kikomo cha umri, ambacho katika jumuiya nyingi ni miaka 35, kwa maana anayeingia akiwa na miaka 32 hana muda wa kujenga chochote humo. Nisiseme mengi kuhusu wale “vijana” ambao watoto wao nao wamekwisha kupewa kadi za jumuiya hiyohiyo.

Asiye na Kadi:

Naomba kuwatetea wanaotaka kubaki nje, kisha nieleze mahali ambapo hoja yao inaishia. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga muswada wa fedha, wakisema wazi kwamba hawana chama, hawana kiongozi na hawafuati kabila. Hakuna jumuiya ya vijana ya chama chochote iliyofanya jambo la uzito huo: tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya bunge na watu kuuawa kwa risasi, rais alitangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Lakini kuuzuia muswada ni jambo moja na kuuandika unaofuata ni jambo jingine, na aliyeendelea kuandika sheria za fedha ni bunge lilelile.

Wanafunzi wa Chile walilijua hilo mapema. Baada ya maandamano yao makubwa ya mwaka 2011 kuhusu gharama za elimu, wanne kati ya viongozi wao waliingia bungeni katika uchaguzi wa 2013, na hawakupita njia moja: Camila Vallejo na Karol Cariola walikuwa wanachama wa Chama cha Kikomunisti, chama cha miaka mingi, Giorgio Jackson alikuwa ameshiriki kuanzisha harakati mpya, Gabriel Boric aligombea bila kupitia miungano mikubwa. Muungano wa Frente Amplio, uliowakutanisha Boric na Jackson, ulizaliwa mwaka 2017, na Machi 2022 Boric aliapishwa kuwa rais akiwa na miaka 36, Vallejo na Jackson wakiwa mawaziri wake. Mnaona kwamba swali la chama kipi halikuwatenganisha, kwa sababu walikwisha kufahamiana na kuaminiana kabla ya siasa za uchaguzi. Kwa hiyo, hata mkitawanyika katika matawi kama alivyoshauri Mzee Katibu, kikundi chenu kisivunjwe. Kiendelee kukutana kikiwa na ajenda yake.

Kuhusu kuanzisha chama chenu, someni kwanza habari za Thailand. Chama cha Future Forward kilianzishwa mwaka 2018, kikapendwa sana na vijana, na katika uchaguzi wa Machi 2019 kikashika nafasi ya tatu kwa wingi wa viti. Februari 2020 mahakama ya katiba ilikivunja kwa sababu kilipokea mkopo wa baht milioni 191 kutoka kwa kiongozi wake, tajiri aliyekuwa akikigharimia. Warithi wake, Move Forward, waliongoza kwa viti katika uchaguzi wa 2023, wakazuiwa kuunda serikali, na mwaka 2024 nao wakavunjwa, safari hii kwa sababu ya kutaka kuibadili sheria ya kulinda heshima ya mfalme. Mtu anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba mahakama ingetafuta sababu nyingine. Hata hivyo, chama kinachoishi kwa mfuko wa mtu mmoja humkabidhi adui sababu iliyokwisha kuandikwa.

Na wanaodhani kwamba chama cha vijana hubaki cha vijana waitazame Hungaria. Fidesz ilianzishwa mwaka 1988 na wanafunzi waliokuwa wakidai uhuru dhidi ya utawala wa kikomunisti, na haikumpokea mwanachama aliyezidi miaka 35. Waanzilishi walipokaribia umri huo, mwaka 1993, kikomo kilifutwa. Baadaye chama kiliacha pia msimamo wake wa awali wa kiliberali na kuhamia upande wa wahafidhina, kikiongozwa na yuleyule Viktor Orbán aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi.

Mgombea wa Zamani:

Ndugu zangu mmezungumzia uanachama na uongozi wa ndani, lakini hakuna aliyegusa mahali ambapo vijana wengi hukwama, na mimi nilikwama, yaani orodha ya wagombea. Nusu ya watu duniani wana umri wa chini ya miaka 30, ilhali wabunge wenye umri usiozidi huo hawafiki 3%. Sheria ikishusha umri wa kugombea, watu hushangilia kana kwamba mlango umefunguka. Nigeria ilifanya hivyo mwaka 2018, ikateremsha umri wa kugombea urais kutoka miaka 40 hadi 35, na wa Baraza la Wawakilishi kutoka 30 hadi 25. Uchaguzi wa 2023 ulipokaribia, chama tawala kiliuza fomu za kuwania uteuzi wa urais kwa naira milioni 100, na za Baraza la Wawakilishi kwa naira milioni 10. Kijana wa miaka 25 aliyeruhusiwa na katiba ya nchi alizipata wapi?

Viti vilivyotengwa navyo vina tabia zake. Uganda ina wabunge watano wa vijana, na Rwanda ina wawili katika Baraza la Wawakilishi lenye wabunge 80. Viti hivyo huwapa watu uzoefu na sauti, sikatai, lakini anayekikalia anajua ni kundi gani dogo lililompa na linaloweza kumnyang’anya. Mimi napenda zaidi utaratibu wa Tunisia katika uchaguzi wa mabaraza ya miji wa mwaka 2018, ambao uliwataka wanaowasilisha orodha kumweka mtu asiyezidi miaka 35 miongoni mwa majina matatu ya kwanza, na mwingine katika kila majina sita yanayofuata. Zaidi ya theluthi moja ya madiwani waliochaguliwa walikuwa vijana. Siri ilikuwa katika nafasi za juu, kwa sababu viti hugawiwa kuanzia jina la kwanza la orodha, na chama kinaweza kumwandika kijana katika nafasi ya ishirini, kikapiga naye picha, kikijua fika kwamba kura haziwezi kumfikia huko chini.

Basi, Mratibu, mkikutana na hao viongozi, msiulize mtapewa nafasi gani katika jumuiya. Waulizeni katika uchaguzi uliopita chama kiliwasimamisha vijana wangapi, wangapi kati yao waliwekwa mahali ambapo chama kina kawaida ya kushinda, na nani alilipia fomu zao. Kwa mabinti wa kikundi chenu, waulize pia vikao vya uteuzi hufanyika saa ngapi na wapi. Kikao cha saa tano usiku katika nyumba ya mtu ni njia ya kumwondoa mwanamke bila kumpigia kura ya hapana.

Mratibu wa Kikundi:

Nawashukuru sana. Tumekaa na kukubaliana kwamba hatutaingia kwa mkupuo, na kwamba tutaandika msimamo wetu kuhusu bajeti na kuuwasilisha kabla ya mtu yeyote kuchukua kadi. Katiba ya chama tumeipata. Inataka mwanachama awe amelipa ada mwaka mzima kabla ya kupiga kura ya ndani, na uchaguzi wa matawi uko karibu kuliko hapo. Je, kuna maana ya kujiunga sasa?

Katibu Mstaafu wa Tawi:

Ipo, kwa wale watakaokuwa wameamua. Uchaguzi huu mtauangalia tu, lakini hudhurieni kila kikao na ombeni kazi ya kuandika kumbukumbu za mkutano, kwa kuwa wazee wengi huikwepa kazi hiyo na anayeifanya hujua nini kiliamuliwa na nani alikuwepo. Kila mara hakikisheni majina yenu yameingizwa katika rejista ya tawi pamoja na tarehe ya malipo, na nakala ya stakabadhi mkae nayo nyumbani. Rejista zina tabia ya kupotea wiki ya uchaguzi.