Ule mjohoro wa kona (gumzo la Majirani Ilazo)

Mama Jeni: Majirani mbukwenyi. Usiku bati limelia puu! nikajua jiwe. Asubuhi naona tawi la ule mjohoro wa kona, nene kama paja. Na upepo wala haukuwepo.

Dada Rehema: Pole mama 😳

Baba Sele: Pole jirani. Mti ule umekufa tangu masika. Jumamosi naleta vijana wawili na chensoo, tunaumaliza. Kuni tunagawana.

Fundi Ayubu: Baba Sele, nyaya za umeme zinazopita hapo juu umeziona?

Baba Sele: Tutafunga kamba, tuuvute uangukie barabarani.

Fundi Ayubu: Mti mkavu hausikii kamba. Mbichi unalia na kupinda kwanza, unapata nafasi ya kukimbia. Mkavu unakatika ghafla, tena popote. Juzi niligonga shina linalia kama ngoma, mchwa wamekula ndani. Pale simpandishi mtu hata kwa laki.

Dada Rehema: Na lile tundu lina nyuki. Watoto wanajua 🐝

Baba Sele: Nyuki moshi tu.

Fundi Ayubu: Moshi kwenye mti mkavu?? Si utawaka wote. Aitwe mrina asali, aje usiku.

Mjumbe: Wapendwa, mti huo uko hifadhi ya barabara, hauko kwenye kiwanja cha mtu. Hatukati sisi. Kesho naenda kwa mtendaji, tuandike barua, afisa misitu wa jiji aje auone. Nyaya ni TANESCO, pigeni 180. Wakishazima umeme ndipo mtu apande.

Baba Sele: Mjumbe, barua zetu nazijua. Mvua za Desemba hizo zinakuja. Tawi likimwangukia mtoto, barua itamsaidia nini?

Mama Jeni: Hapo kasema kweli.

Mjumbe: Kasema kweli, sikatai. Kwa hiyo leo leo tuzungushie kamba. Bodaboda wahame hapo chini, na mama wa mihogo pia. Baba Sele, hao vijana wako walete kwa kazi hiyo.

Baba Sele: Sawa.

Mzee Chidong'a: Huyo mwenye chensoo asije akapitia na mbuyu wangu. Mwaka juzi kuna kijana alikuja na shoka, ati umekufa. Mbuyu kiangazi unapukutisha majani! Kwaruza gome kwa kisu, ukikuta ubichi wa kijani, uko hai.

Baba Sele: Shikamoo mzee 😂 mbuyu wako nani atauweza.

Mzee Chidong'a: Marahaba.

Baba Sele: Mjumbe, na kuni je?

Mjumbe: Afisa ndiye atakayesema. Ila usipakie kwenye gari bila hati ya kusafirishia, utalala nazo kizuizini.

Baba Sele: Na lile tawi la kwa Mama Jeni?

Mama Jeni: Lipi? Maharage yameshaiva.